Mbeya hadi Matema kwa baiskeli: nipite Kitulo au Masoko? Naombeni ushauri

Mkwezi wa Uyole (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua barabara za vumbi za huku kwetu.

Nina baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani wa kupinda kama ya mashindano ila tairi lake ni nene, milimita 40. Niliichukua mtumba mwaka jana, na nimeshazoea kupanda nayo hadi Isyonje na kurudi. Sasa nataka kushuka nayo mpaka Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Njia mbili zinanizunguka kichwani hadi usingizi sipati.

Ya kwanza ni Uyole, Isyonje, nakata kushoto kwenda Kitulo, nalala upande wa Makete, kisha Bulongwa na kuteremka milima ya Livingstone kwa njia ya miguu hadi Matema. Ya pili ni Uyole, Tukuyu, nalala hapo, kesho yake Masoko, Ipinda, Matema.

Tunataka kuondoka Aprili, shule zikifunga. Ipi salama zaidi?

FundiSpoku
Kabla ya njia, breki. Za diski au za mpira? Nauliza kwa sababu yalinikuta.

Nilitoka Kitulo nikapita Matamba, nikateremka Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba. Jina linatokana na kona, ziko 57, na ukiwa juu unaiona tambarare ya Usangu chini kama mkeka. Nilikuwa na breki za mpira. Nilizibana muda wote kwa woga, na hilo ndilo kosa. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori. Nikasimama, nikagusa rimu ya nyuma, kidole kikababuka. Mpira ulikuwa umelika hadi chuma, na chuma kilikuwa kinachora rimu mistari kama kisu. Nilitembea kona zilizobaki zote nikiikokota.

Unabana, unaachia, unabana, unaachia. Na ukisimama kupumzika usimwagie rimu maji, iache ipoe yenyewe.

Kijana wa Soweto
Mkuu, Kosta za Kyela zinajaa kila siku pale Nanenane. Unakaa dirishani, unakula ndizi za kuchoma, jioni miguu iko ziwani. Haya mateso umetumwa na nani?

Shangazi wa Katumba
Wanangu, mbona hamjasoma? Kaandika Aprili. Mimi nimezaliwa Katumba, katikati ya mashamba ya chai, nawaambia Aprili kwetu nguo haikauki siku nne. Na mvua ikinyesha Rungwe, maji yanakwenda Kyela. Mbaka, Lufilyo, Kiwira, yote yanashukia kule, na kila mwaka tunasikia mashamba ya mpunga yamezama. Udongo wa Masoko ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu haligeuki, unabaki unakwangua kwa kijiti kila hatua kumi.

Halafu mwanangu, umeanza na "nina baiskeli", umemaliza na "tunataka". Na shule inaingiaje hapo? Wewe ni mwalimu?

Mkwezi wa Uyole
Asanteni wakuu. FundiSpoku, yangu ni ya diski. Shangazi, nimekusikia, ila mvua haiwezi kunyesha siku zote tatu. Niko na kijana mmoja, ana pumzi kuliko mimi. Tuendelee na njia tafadhali.

Mkinga Asilia
Njia ya Bulongwa naijua kwa miguu yangu. Mkuu, ile si njia ya baiskeli. Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, ziwa liko chini ya mita 500. Huo mteremko wote unaumaliza kwenye ukuta wa Livingstone, kijinjia cha mtu mmoja mmoja, mawe yanayoteleza na mizizi. Baiskeli utaibeba begani, na kwa Aprili utaibeba ukiwa umekaa kitako.

Kitulo ifanyie safari yake peke yake. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo ukiingia hifadhini uwe na kibali na ada. Wazee wetu waliita Bustani ya Mungu, na kuanzia Desemba maua yanafunika uwanda wote, manjano, zambarau, meupe, huku ukungu unapita juu yake kama moshi wa jikoni. Nikiwa mdogo mama alikuwa ananituma kuni, narudi na maua, nachapwa. Leo watu wanapanda ndege kuja kuyaangalia.

Na beba koti. Usiku wa kule si wa mchezo.

FundiSpoku
Yako ni ya diski, sawa. Ya huyo kijana?

Shangazi wa Katumba
Na huyo kijana ana miaka mingapi?

Mkwezi wa Uyole
Ana kumi na minne. Lakini si mtoto wa kubebwa, kila siku anaendesha kwenda shule na kurudi, na Jumamosi tunapanda wote mpaka Isyonje bila kushuka. Baiskeli yake nimeshamnunulia, ya mtumba pia, ya kawaida yenye gia. Nimeshamwahidi. Sikuja kuuliza kama twende au tusiende, nimeuliza tupite wapi.

Shangazi wa Katumba
Mama yake anajua?

Kijana wa Soweto
Hapo sasa.

Mkwezi wa Uyole
Sawa, niseme.

Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alikuwa anafanya biashara ya vyungu vya Wakisi kwa baiskeli, anavitoa Ikombe, kijiji cha ziwani karibu na Matema, anavipandisha Tukuyu. Ziwa lilimchukua kaka wakati dogo ana miaka sita. Amezikwa Ikombe. Tangu msiba ule shemeji alihama na mtoto, hajawahi kumrudisha, na neno ziwa halitajwi ndani ya nyumba ile. Dogo ananiuliza mimi. Mwaka jana alinishika mkono akasema, "Baba mdogo, nataka kupita njia ya baba." Ningemjibu nini?

Shemeji nimemwambia tunakwenda Tukuyu kumsalimia bibi. Si uongo, Tukuyu tunapita na bibi tutamsalimia.

Mzee wa Kasumulu
Kijana, baba mdogo ni baba. Lakini baba hamfichi mama wa mtoto. Likitokea lolote barabarani, hata kidole kikivunjika, utasimama mbele ya ukoo kueleza kwa nini mama alidhani mtoto yuko kwa bibi. Mimi niliwahi kumchukua mtoto wa dada yangu kwenda naye mpakani bila kuaga, tukalala njiani kwa gari bovu. Dada hakunisemesha tangu mavuno mpaka mavuno mengine, na mtoto alirudi mzima.

Chai Bila Sukari
Wakuu mnalia na nini? Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mimi Ikombe nimefika. Hakuna barabara ya gari wala ya baiskeli, mlima umeingia majini. Unafika kwa mtumbwi au kwa miguu kutoka Matema. Sasa marehemu alikuwa anatoa vyungu Ikombe kwa baiskeli, baiskeli ilikuwa inaogelea? Mleta uzi ulianza na Kitulo, tukahamia Bulongwa, sasa tuna yatima na kaburi. Bila picha siamini.

Kijana wa Soweto
Duh. Kweli Ikombe hakuna barabara. Mleta uzi njoo ujibu.

Shangazi wa Katumba
Hata kama ni chai, kuna mtoto mwingine mahali fulani anayepelekwa bila mama yake kujua. Niliyosema sifuti.

Mkwezi wa Uyole
Picha ya kaburi la kaka yangu siweki humu.

Baiskeli haikufika Ikombe hata siku moja. Ilikuwa Phoenix nyeusi, inalala Lyulilo, jirani na Matema, kwa mama mmoja anayeuza dagaa. Kaka alivuka kwa mtumbwi, ananunua kwa kina mama wanaofinyanga, anarudi na mzigo Lyulilo siku ya soko, Jumamosi. Hapo ndipo anafunga. Nilimsaidia mara mbili, nikiwa sekondari. Unatandika nyasi kavu kwenye keria, chungu kikubwa kinakaa chini, kidogo kinaingia ndani ya kikubwa, kati yao majani ya mgomba yaliyokauka. Ukimaliza unatikisa baiskeli na kutega sikio. Ukisikia "ti", udongo umegusa udongo, unafungua unaanza upya. Ipinda hadi Masoko hapandi hata kidogo, anasukuma mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye vyungu.

Ndiyo maana nimeuliza Masoko. Ya Bulongwa niliitaja kwa sababu shemeji ana ndugu Kyela na Ipinda. Niliogopa watatuona.

Mkinga Asilia
Kwa hiyo ulitaka kumpitisha mtoto kwenye ukuta wa Livingstone, kwenye mvua, ili mashemeji wasiwaone?

Mkisi wa Pwani ya Nyasa
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni wa kule, mama yangu bado anafinyanga. Aliyeandika hiyo "ti" amewahi kufunga vyungu. Mtu wa kusimuliwa hawezi kuijua. Chai Bila Sukari, weka kikombe chini.

Chai Bila Sukari
Nimeelewa. Mkuu nisamehe, na pole ya kaka. Kutoka Ipinda hadi Matema siku hizi ni lami, hapo mtapumua. Mkifika Matema kuna hospitali ya misheni, hata mkichubuka. Na mlale kwenye chandarua, mbu wa Kyela hawana huruma.

Mzee wa Kasumulu
Kijana, simu unayo mkononi.

Mkwezi wa Uyole
Wakuu, nimerudi. Jana sikuweza kuandika.

Nilimpigia shemeji saa mbili usiku. Nilimweleza yote, na Bulongwa pia. Alinyamaza hadi nikaangalia kama simu imekatika. Halafu akauliza, "Breki za baiskeli ya mtoto umeziangalia?" Nilikuwa sijaziangalia. Nimeziangalia leo asubuhi, ni za mpira, na wa nyuma umelika upande mmoja.

Amesema Aprili hapana, Juni shule zikifunga. Tupite Tukuyu na Masoko, njia ya mwenyewe. Ikombe tusiende bila yeye. Yeye atakwenda kwa Kosta, atatusubiri Lyulilo Jumamosi ya soko. Dogo bado hajaambiwa, mama yake anataka amwambie mwenyewe.

Shangazi, ndaga fijo, asante sana.

Mkisi wa Pwani ya Nyasa
Juni mwera utakuwa umeanza, ziwa linachafuka mchana. Vukeni alfajiri kabla upepo haujaamka. Shemeji akiogopa mtumbwi msimlazimishe, kuna njia ya miguu kandokando ya mlima, mtatembea naye taratibu.

FundiSpoku
Leta zote mbili nizikague, sichukui hela. Mipira ya breki nunua jozi mbili, moja tunafunga, moja unabeba. Na mje na dogo, nimfundishe kubana na kuachia.