Umesomeshwa kwa mkopo, ukafundishe Afrika Kusini?

Mwanachuo Dodoma: Wadau, niko mwaka wa 3, ualimu wa Kiswahili na Historia. Sasa niko BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni, mkondo mmoja wanafunzi 112. Mkufunzi aliyekuja kunikagua kasema nikimaliza nisiwaze nje, nimesomeshwa na serikali. Ajira nyumbani tunaona watu wanavyosota. Nikienda nimekosea?

Kisiga: Mkopo si sadaka. Kwa sheria ya 2016 Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara. Lipa deni, nenda. Afrika Kusini walitangaza 2018 Kiswahili kiingie shuleni kwao kuanzia 2020.

Nguzo Nane: Tangazo si ajira. Kule vyeti vinapita SAQA, mamlaka yao ya kutambua vyeti, kisha usajili wa SACE, baraza lao la walimu, na utajieleza kwa Kiingereza. Walimu wetu wengi waliingia ualimu kwa kukosa kozi nyingine. Tangu UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 70, tunaokoteza tu.

Binti Newala: Tunaokoteza? Mama yangu ni mwalimu wa UPE. Kamaliza darasa la 7, kapewa darasa zima. Chaki zikiisha aliandikia muhogo mkavu, jioni vidole vyeupe mpaka jikoni. Wewe a-e-i-o-u ulifundishwa na nani?

Nguzo Nane: Dada, mama yako sijamtaja. Nimesema mfumo.

Binti Newala: Mfumo haukushika chaki. Walioshika ni watu.

Mzee wa Zamu: Mimi ni wa UPE, 1976. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, walimu hawapo. Asubuhi nafundisha, mchana nakaa mimi dawatini pale kituo cha mafunzo ya ualimu. Niliowafundisha wengine ni madaktari leo. Kijana Nguzo, hatukuokotwa, tuliitwa.

Kisiga: Shikamoo mwalimu. Hilo la kuitwa liandikwe.

Nguzo Nane: Shikamoo mzee. Lakini kuitwa ni kimoja, kuandaliwa ni kingine. Hata huyu wa watu 112 hajaandaliwa, katupwa.

Mwanachuo Dodoma: Sijatupwa, kaka. Naandika andalio la somo hapa, kesho kipindi cha kwanza ni changu. Hiyo SACE, mtu anajisajili kabla ya kupata shule au baada?

Binti Newala: Nguzo bado hajaomba radhi.