Kundi la Ukoo: Stesheni ya Bububu

Rukia (Maskati): Assalaam alaykum nyote. Ami Haji, shikamoo. Mwanangu amepewa kazi ya shule aeleze asili ya kwao, naye ameandika kwamba kijiji chetu cha Bububu, Unguja, kimeitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi lililokuwa likitoka mjini. Naomba wakubwa mumsomee kabla hajaipeleka kwa mwalimu.

Ami Haji: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Hadithi hiyo nami nimekua nayo, na marehemu mama alikuwa akiuiga mlio huo kwa midomo mpaka tunalia kwa kicheko, lakini haisimami. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, mnamo 1904 na 1905. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 analitaja shamba alilokaa Bububu kwa jina hilohilo. Gari lilipofika, kijiji kilikuwa na jina lake zamani.

Said: Shikamoo Ami. Je, haiwezekani ikawa ni gari la Sultani Sayyid Barghash, ambalo lilitangulia?

Ami Haji: Marahaba. Lile la Barghash lilielekea Chukwani, upande wa kusini, wala halikuwa la watu wote. Lilianza 1879 likivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha moshi kutoka Uingereza, na alipofariki 1888 reli ikang'olewa. Watu huzichanganya hizi mbili kila siku, hata wanaotembeza wageni.

Bi Asha: Katika sanduku la mama nimeikuta kadi ya posta ya gari la Bububu lenyewe, ambayo nitaipiga picha mchana kukiwa na mwanga. Gari liko katikati ya njia nyembamba ya Mji Mkongwe, ukuta huku na ukuta huku, na mzee mmoja mwenye kanzu amejibana mlangoni kwa mtu, kikapu amekiinua kifuani ili kisikwaruzwe. Mimi kila nikiitazama humwangalia yeye, gari silioni.

Ami Haji: Ndivyo ilivyokuwa hasa mtaa wa Malindi. Stesheni ya mjini ilikuwa pale Ngome Kongwe, na gari lilipotoka hapo lilipenya mitaani kabla ya kushika njia ya kaskazini, maili 7 mpaka Bububu. Watu walilalamikia hatari yake pamoja na cheche zilizounguza mali zao. Hata hivyo walilipanda, na kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa abiria wa meli waliotaka kuona mashamba huku meli yao imetia nanga. Kwa wageni ilikuwa matembezi. Kwa watu wetu ilikuwa njia ya kwenda mjini na kurudi, kama daladala ya 502 ilivyo leo.

Said: Kwa nini basi ilifungwa, ikiwa watu waliitumia?

Ami Haji: Barabara na motokaa. Serikali iliinunua, lakini mtu akishapata gari linalomteremsha karibu na mlango wake, hana haja ya kwenda stesheni kungoja. Abiria walikoma miaka ya 1920, reli ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, halafu ikaondolewa. Naona ni ajabu kidogo kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa kuijengea meli gati.

Rukia (Maskati): Ahsante sana Ami. Mtoto ameifuta sentensi ya jina shingo upande, na sasa anauliza kama anaweza kuubakisha mlio wa bibi, akiandika wazi kwamba ni mzaha wa nyumbani. Tatizo ni kwamba hajui uliigwaje, nami sikuwahi kuusikia.

Ami Haji: Aubakishe. Asha ndiye aliyeuweza vizuri kuliko sisi sote.

Bi Asha: Nitaurekodi baada ya Alasiri, kwa kuwa sasa nina wageni sebuleni na sitaki wanifikirie vingine.