Wanangu shuleni wananunua barafu na mihogo, nyumbani mboga hawagusi. Na Jumamosi tuna kikao cha chakula. Tuanzie wapi?

MamaWawili_Kihonda

Habarini wana jukwaa. Nipo Morogoro mjini. Nina watoto wawili shule ya msingi ya serikali, mmoja darasa la pili, mwingine la tano. Wanatoka nyumbani alfajiri wamekunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, na huyu wa la tano mkate wenyewe mara nyingi anauacha mezani. Nawapa mia tano kila mmoja. Jioni nikiuliza wamekula nini naambiwa mihogo ya kukaanga na chachandu, barafu za rangi za kwenye vifuko, na ule ubuyu mwekundu unaopaka mpaka meno. Wakirudi saa tisa wanalilia wali. Mchicha, matembele, majani ya maboga, vyote vinasogezwa pembeni ya sahani. Baba yao anasema hata sisi tulikua hivyo hivyo na hatukufa.

Sasa shuleni wazazi wamenichagua kwenye kamati ya chakula. Watoto ni kama 400, hakuna uji wala chakula cha mchana. Jumamosi tunakaa. Kuna wanaotaka makande, kuna wanaotaka uji, kuna wanaosema elimu ni bila malipo hivyo hawatoi kitu. Na kuna mama mmoja amekuja na unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi na viwili, anatutaka tununue kwake. Naombeni ushauri wa watu waliofanya, wa kusoma kwenye mabango ninao tayari.

fundi_bomba

Dada, anza na huyo baba. Kama kwenye meza yako yeye ndiye anayepewa finyango zote na mchicha anaupitia mbali, mtoto ameshajifunza kwamba nyama ni ya wakubwa na majani ni ya wasio na bahati. Kwangu tulianza kupakua sawa kwa sawa, na mimi nalazimika kutafuna matembele huku wananitazama. Nateseka lakini natafuna.

MwlZamu_Kondoa

Mama Wawili, mimi ni mwalimu, na chakula cha shule niko nacho tangu nilipohamia huku Kondoa. Nitasema nionavyo mimi, wengine watanikosoa.

Wanao hawana tatizo la ulimi. Wana njaa ya saa nne. Mtoto aliyetoka na chai ya rangi saa kumi na mbili, ikigonga kengele ya mapumziko atanunua chochote kilichopo getini, na kilichopo ni mafuta, rangi na sukari. Halafu saa tisa anafika kwako tumbo limeshavurugika na unamwekea mchicha. Hata mimi ningeusogeza.

Kwa hiyo Jumamosi usikubali mjadala wa uji au makande uwale saa tatu nzima. Anzeni na uji wa saa nne, makande yafuate mkishazoea kukusanya. Hesabu ndiyo inayomaliza kelele: kikombe cha mililita 300 kwa watoto 400 ni lita 120 za uji. Sisi tunaweka unga gramu 40 hivi kwa kila mtoto, yaani kilo 16 kwa siku, na uji unatoka mzito unaoshika kijiko. Mkifika kwenye makande, piga gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa mtoto. Kwa mwaka wenye siku kama 190 za masomo, hiyo ni kilo 23 za mahindi na kilo 6 za maharage kwa kila mtoto. Mzazi ukimwambia "changia chakula" anakunja uso. Ukimwambia debe moja na ushee la mahindi kwa mwaka mzima, tena alete wakati wa mavuno, anaanza kufikiria.

Hao wa elimu bila malipo wajibuni kwa upole. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016, ni kweli, lakini chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Na wao pia wana hoja: mchango lazima wazazi wenyewe wakubaliane, na mtoto ambaye kwao hawajatoa asirudishwe nyumbani wala asinyimwe kikombe mbele ya wenzake. Andikeni hilo kwenye muhtasari siku hiyo hiyo, msisubiri litokee.

Huo unga wa vitu kumi na viwili mkataeni. Muulize mama huyo vitu vyenyewe ni vipi, utasikia mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele. Hizo zote ni nafaka, umeongeza majina tu. Kisha ndani yake wanasagia karanga na soya, vitu vyenye mafuta, unga unaanza kuchacha baada ya muda mfupi, na karanga moja mbovu inaharibu gunia zima. Soya nayo ikisagwa bila kukaangwa au kuchemshwa vizuri inasumbua tumbo. Chukueni nafaka moja au mbili. Huku kwetu ni uwele, una madini ya chuma kuliko sembe. Ninyi mkipata ulezi ni sawa kabisa. Karanga zichambueni, zikaangeni, zisagwe kidogo kidogo, ziingie kwenye sufuria siku ya kupika.

Na hapa kwenye kuchambua nisimame kidogo, maana kila mtu siku hizi anahubiri dona. Dona ni bora kweli, kiini na pumba vinabaki. Lakini dona ya mahindi yenye ukungu ni balaa kuliko sembe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, nyingi hukaa huko huko kwenye ganda na kiini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu kwenye mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara. Tangu hapo kila gunia linaloingia stoo yetu linamwagwa kwenye turubai, punje zilizooza, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu zinatolewa, na mzazi analeta nyingine. Tumegombana na watu kwa hilo. Endeleeni kugombana.

Wauzaji wa getini msiwafukuze, ni mama zao hao hao watoto. Kaeni nao. Huku wamekubali kuuza karanga, mihogo ya kuchemsha na machungwa, barafu za rangi zikaondoka. Uji ukishakuwepo, hata biashara ya mikaango inashuka yenyewe.

Nyumbani: chai ya rangi iondoe karibu na chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Limau au chungwa linafanya kinyume chake. Msichana wako, kama huyo wa la tano ni msichana, anaelekea umri wa kuhitaji chuma zaidi. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe muda mfupi, utiwe karanga. Wengi tunaupika mpaka unakuwa mweusi kisha tunashangaa watoto wanaukimbia.

Kayole_wa_Mtaa

Niko Nairobi. Huku kaunti ilianzisha Dishi na County mwaka 2023. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, gharama nyingine zinabebwa na kaunti na washirika wake. Chakula kinapikwa jikoni kubwa na kupelekwa shuleni, mchele na ndengu au maharage. Mtoto anavaa kikuku, anakigusisha kwenye kifaa, pesa inakatwa kwenye akaunti ambayo mzazi ameijaza kwa simu. Mimi nilichopenda ni kwamba hakuna mwalimu anayeshika pesa, kwa hiyo hakuna maneno. Lakini msidhani nyumbani wamebadilika, wangu Jumamosi bado wanataka chipo.

MamaWawili_Kihonda

Shikamoo Mwalimu, nimenakili yote kwenye daftari. Wa la tano ni msichana, umejuaje? Fundi bomba, umenichekesha, nimemsomea mzee, amenyamaza. Kuhusu kikuku tupo mbali sana. Mwalimu, pesa na magunia ninyi anashika nani? Maana kwetu mwaka juzi mchango wa madawati ulileta fitina mpaka leo.

MwlZamu_Kondoa

Marahaba. Stoo ina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi wa kamati, hakuna anayefungua peke yake. Kilichotoka kinaandikwa kwa kilo na idadi ya watoto wa siku hiyo, daftari linaning'inia mlangoni na mzazi yeyote anaruhusiwa kulisoma. Pesa taslimu tunazikwepa, mzazi analeta mahindi. Asiye na shamba, kama wengi wenu wa mjini, ananunua kwa muuzaji mliyemchagua kwenye kikao na kuleta risiti. Mizani nunueni kwanza kabla ya sufuria.

fundi_bomba

Na kuni? Watu 400 uji kila siku, mtamaliza misitu ya Uluguru.

MwlZamu_Kondoa

Jiko banifu la kujengea, la sufuria mbili kubwa. Maharage tunayaloweka usiku, maji yanamwagwa, yanaiva haraka. Fundi, nenda ukawajengee, si upo Moro?

fundi_bomba

Nipo Msamvu. Dada, nitumie ujumbe kabla ya Jumamosi, nije nipime hapo jikoni. Sitozi kupima.