Naomba ushauri: uhandisi ujenzi, Mlimani au Mbeya?

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na nimechaguliwa kusoma shahada ya uhandisi ujenzi, miaka 4, katika vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka nithibitishe kimoja tu, na ujumbe wenye namba ya kuthibitishia naufungua na kuufunga tangu juzi.

Mlimani kuna jina (hilo hata baba, ambaye ni fundi mwashi, analijua), lakini nikikosa hosteli nitalazimika kupanga chumba. Mbeya nina mama mdogo anayekaa Iyunga, jirani kabisa na chuo, hivyo fedha ya kujikimu, iwapo bodi ya mikopo itanipa, ingebaki kwa vifaa. Nimeuliza wahitimu wawili. Kila mmoja alisifu chuo chake.

Naomba kujua: waajiri na makandarasi wanatofautisha kweli vyuo hivi wanapochukua wahandisi wahitimu waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB)? Na kwa mafunzo ya vitendo, ni wapi mwanafunzi hushika kazi mwenyewe maabara na saiti?