Kwa tai, jamani! Kafuta lenzi kwa TAI!

Wakuu, sitaji jina. Mnamjua, yule "mtaalamu" anayewaambia vijana kila siku kwamba filta, kile kioo cha kinga unachofunga mbele ya lenzi, ni ya waoga. Jana ukumbini shampeni imefunguliwa, povu likaruka hadi kioo cha mbele cha lenzi yake ya 24-70, iko uchi kabisa. Bwana mkubwa kafuta kwa ncha ya tai! Tai iliyokwisha oga kwenye pilau! Halafu ananigeukia mimi mwenye filta, mbele ya kamati nzima: "Lenzi yako ina mafua? Mbona umeivalisha barakoa?"

Kwa tai. Povu lile ni sukari, likikauka linashika kama gundi, na linatoka kwa maji, siyo spiriti. Spiriti ni ya mafuta, ya hilo pilau lake. Yeye kachanganya vyote na vumbi, akasugua! Chembe za mchanga ni ngumu kuliko mpako wa lenzi. Unapuliza kwanza, unapitisha brashi, ndipo unatia tone kwenye kitambaa (ukilitia kwenye kioo linachuruzika hadi ndani ya ukingo), unazungusha kutoka katikati kwenda nje. Hatua ya tai iko wapi hapo?

Filta ya milimita 82 ikichubuka unanunua nyingine. Kioo cha mbele kikichubuka, uza tai.

Mzee wa Shata: Povu unalitoa wewe sasa. Tai ilikuwa rangi gani?

Jicho la Kanga: Mtoa mada tulia. Hizo filta zenu za bei ya chee ndizo zinazowapaka maharusi vidoa vya kijani. Kioo kisicho na mpako kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande. Taa inapiga sensa ya kamera, inarudi kwenye filta, inarudi tena kwenye sensa. Doa utalikuta upande wa pili wa taa, kichwa chini. Mishumaa na taa za jukwaa, vua. Watoto na soda uani, vaa.

Mtoa mada: Yangu ina mpako pande zote. Lakini KWA TAI?

Fundi Nati: Mnazikaza kama gurudumu la lori, kisha mnalia zimegoma. Ukibana kwa vidole viwili ringi inakuwa yai, inazidi kung'ang'ania. Vaa glavu ya mpira, kandamiza uso wote sawasawa, zungusha kinyume cha saa. Na anayedhani filta ni ngao ya kugongwa asubiri ipasuke, vipande vyake ndivyo vitakavyochora lenzi. Ya kugongwa ni hudi, ile kofia ya mdomo wa lenzi.

Dada Fokasi: Tai tai tai! Mbona hamsemi fataki baridi? Ule ni unga wa metali unaoungua. Sogea karibu uone kioo kitakavyodonolewa. Na leza za DJ, zikiingia moja kwa moja zinachoma sensa, hapo filta haikusaidii chochote.

Mtoa mada: Uzi umetekwa. Tai, wakuu. TAI.

Mzee wa Shata: DJ ana nafuu. Mashangazi na tableti zao katikati ya njia wakati wa pete je?

Kamera Mbili: Na kamati zinazotupangia meza nyuma ya spika, pilau likifika ni ukoko?

Jicho la Kanga: Ukoko afadhali. Kuna wanaoishia soda ya moto.