Bando langu la mwezi limebadilishwa bila kuulizwa, naomba ushauri

Ndugu zangu habari za saa hizi. Niko Arua nauza nguo, oda zangu zote za soko la Kikuubo kule Kampala nazipiga kwa WhatsApp. Nilikuwa na bando la mwezi linalojiunga lenyewe, sasa juzi ikaingia meseji ndefu eti ofa imeboreshwa, kucheki salio hela imekatwa ileile lakini MB zimepungua na nusu yake ni za usiku tu, saa sita mpaka kumi na mbili asubuhi, na mimi kazi yangu ni mchana. Nikapiga kwa wahudumu naambiwa ni kodi. Kodi gani jamani, wakati ile ya 12% ya data ipo tangu Julai 2021?

Kuhama mtandao naogopa, hii namba ndo ya mobile money na wateja wote wanayo.

Aliyewahi kurudishiwa bando la zamani alifanyaje? Na nikipeleka malalamiko UCC (ile tume ya mawasiliano ya Uganda), hiyo meseji inatosha au mpaka niandike barua? Halafu hii ya kujiunga yenyewe naizimaje, isije ikanikata tena mwezi ujao.