Mwali wa moto unaoelea hewani: nifanyeje uonekane kweli upo chumbani?

Mwandamo aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Natengeneza filamu fupi ya dakika 9 inayomhusu binti wa miaka 10 anayekesha na bibi yake mgonjwa. Usiku wa manane mwali wa kibatari unajinasua kwenye utambi, unaelea polepole, unampita binti usoni, kisha unatoka nje naye akiufuata. Shoti ya mwisho inaonyesha nyumba ikiteketea kwa mbali. Nina kamera moja, stendi ya miguu mitatu, kompyuta ya kawaida na watu 5 wanaojitolea. Fedha ya kuajiri mtaalamu wa madoido ya picha sina.

Wiki iliyopita nilifanya jaribio. Nilimpiga picha binti akizungusha macho kana kwamba anatazama kitu, halafu nikautengeneza mwali kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengeneza picha za 3D, na kuuweka juu ya picha. Ukiutazama peke yake ni mwali mzuri, lakini ukifika mbele ya uso wake unaonekana umebandikwa kama stempu kwenye bahasha. Nimebadilisha rangi, nimepunguza ukali wa kingo, nimeongeza mng'ao, na bado hali ni ileile. Je, tatizo ni programu ninayotumia, au kuna jambo la msingi nimelikosea?

Fundi Taa alijibu:

Jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe: binti alikuwa anatazama mahali pasipo na kitu. Moto ni taa. Ukiwa sentimita 30 kutoka usoni pa mtu, unaangaza shavu moja, unatupa kivuli cha pua upande wa pili, unang'aa katika mboni za macho kama nukta mbili za njano, na vivuli vya ukutani vinatembea kadiri unavyosogea. Mtazamaji huenda asiweze kuyataja hayo yote, ila jicho lake linayatafuta na lisipoyaona linakataa. Kuyaongeza baadaye kwenye kompyuta kunawezekana, lakini ni kazi ya kuchora kwa mkono fremu baada ya fremu, na kwa fremu 24 kila sekunde, shoti ya sekunde 8 peke yake ina fremu 192.

Kwa hiyo peleka mwanga wenyewe chumbani. Tafuta balbu ndogo ya betri isiyozidi ncha ya kidole, ifunge kwenye waya ngumu iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kisha uizungushie plastiki angavu ya rangi ya chungwa, kwa sababu mwanga wa mshumaa uko karibu na kelvini 1,900 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga una uchungwa zaidi) na balbu nyingi za betri ni nyeupe kupita hapo. Mwenzako mmoja asimame nje ya fremu na kuipitisha balbu hiyo katika njia ileile utakayopita mwali, huku akiitikisa kidogo sana. Binti sasa ana kitu cha kutazama, na utaona hata uigizaji wake unabadilika, maana macho yanayofuata kitu halisi hayasogei kama macho yanayobahatisha. Balbu huhitaji kuifuta, kwa kuwa mwali utakaa juu yake na kuificha, na wakati huohuo inakuwa alama ya kufuatilia mwendo: programu inaifuata balbu, mwali unaifuata programu. Kinachobaki kufutwa ni waya tu.

Tena, usiuchore mwali wenyewe. Washa kibatari usiku mbele ya kitambaa cheusi, punguza mwanga unaoingia kwenye kamera mpaka kiini cha mwali kisiwe doa jeupe tupu, na upige picha dakika nzima. Ukiiweka picha hiyo juu ya shoti yako kwa njia ya kujumlisha mwanga, weusi haujumlishi chochote na moto unabaki peke yake, bila kukata kingo wala kutumia kitambaa cha kijani.

Jicho la Tatu alijibu:

Nakubaliana na Fundi Taa, na ningependa kuongeza upande wa kamera, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia bila mtu kujua.

Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: mwanga, rangi na fokasi. Kamera ikijirekebisha, kila balbu inapokaribia lenzi chumba kizima kitafifia, na hakuna ufuatiliaji utakaokaa sawa. Kwa fremu 24 kwa sekunde weka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, ili vitu vinavyosogea viwe na ukungu wa kawaida wa mwendo, kisha uhakikishe kwamba mwali nao una ukungu uleule. Jaribu balbu mbele ya kamera kabla ya siku yenyewe, maana baadhi ya taa za LED zikipunguzwa mwanga huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini kamera inaiona kama michirizi.

Kuhusu programu, usilipe. Blender ni ya bure na ina ufuatiliaji wa kamera ndani yake, na toleo la bure la DaVinci Resolve lina sehemu ya Fusion inayotosha kabisa kupanga matabaka ya picha. Ila usisahau chembechembe, yaani vile vidoa vidogo vinavyochezacheza kwenye picha ya gizani. Picha ya usiku huwa na chembechembe nyingi, na mwali uliopigwa kwa mpangilio mwingine hauna zile zile. Zilinganishe mwishoni, na kama kamera yako inarekodi rangi kwa biti 8, chembechembe hizo zitakusaidia pia kuficha ile mistari inayotokea pale mng'ao unapofifia ukutani.

Mwisho, piga kila shoti ya mwali kwenye stendi. Ukitaka hisia ya kamera ya mkononi, iongeze baada ya kuunganisha kila kitu, ili ukuta, binti na mwali vitikisike pamoja.

Mwandamo aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jana usiku nilirudia jaribio kwa kutumia balbu, na pale mwanga ulipompitia binti shavuni nilinyamaza kwa muda, kwa kuwa hata kabla ya kuweka mwali tayari kulikuwa na uhai. Tatizo jipya ni waya. Nilipiga picha ya chumba kitupu kama nilivyosoma kwingine, nikaitumia kufunika waya, lakini kila mahali nilipoifuta umebaki mstari wa giza ukutani. Je, nimekosea mpangilio wa rangi?

Pia naomba ushauri kuhusu ile nyumba inayoungua.

Fundi Taa alijibu:

Rangi hazina kosa. Chumba kitupu ulikipiga balbu ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukuta wako wa kufunikia hauna ule mwanga wa chungwa. Irudie picha hiyo kamera ikiwa haijasogezwa hata kidogo, balbu ikiwa inawaka na kupitishwa njia ileile, lakini safari hii waya itokee upande mwingine wa fremu. Mwanga hautalingana kwa kila fremu, ila kwa mstari mwembamba kama huo tofauti iliyobaki utaimaliza kwa kuongeza mwangaza kidogo. Na ukiweza, waya ipite mbele ya nguo nyeusi ya binti badala ya ukuta, na utakuwa umejipunguzia nusu ya kazi.

Karakana alijibu:

Nitajibu kuhusu nyumba, kwa kuwa nimejenga vielelezo, yaani mifano midogo ya majengo ya kupigia filamu, kwa miaka kadhaa. Moto na maji ndivyo vitu viwili vinavyofichua udogo wa kielelezo upesi kuliko vingine vyote, kwa sababu ndimi za moto na matone ya maji hazikubali kupunguzwa pamoja na nyumba. Kanuni tunayoifuata ni kuzidisha kasi ya fremu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mara ambazo kielelezo ni kidogo kuliko kitu halisi: kielelezo cha robo ya ukubwa halisi hupigwa kwa fremu 48 badala ya 24, na cha moja ya kumi na sita kwa fremu 96. Kwa vitu vinavyoanguka kanuni hiyo hufanya kazi vizuri, lakini kwa moto inasaidia kiasi tu, kwa hiyo jenga kikubwa kadiri uwezavyo, au usijenge kabisa.

Maoni yangu ni kwamba usijenge. Nyumba ya robo ya ukubwa ni mita kadhaa za mbao, lazima ichomwe mahali pa wazi pakiwa na maji na watu wa kulinda, na utaipiga mara moja tu. Kamera ikikwama, shoti imekwenda. Filamu yako nzima inahusu mwanga juu ya uso wa mtoto. Mgeuze binti aitazame kamera, weka nyuma ya kamera taa mbili za chungwa na mtu wa kupitisha kipande cha ubao mbele ya taa hizo bila mpangilio maalumu, ongeza moshi mwembamba, na urekodi vizuri sauti ya mbao zikipasuka. Uso huo uukalie sekunde 20.

Jicho la Tatu alijibu:

Hapa natofautiana na Karakana kidogo. Hadithi ikiwa inadai tuione nyumba, basi tuione, hata kwa sekunde 2, ikiwa kivuli cheusi kwenye upeo na mng'ao nyuma yake. Kwa umbali huo kipande cha kadibodi kilichokatwa umbo la paa kinatosha, na moto uleule uliopigwa mbele ya kitambaa cheusi utaonekana madirishani tu.

Mwandamo aliandika tena:

Nitapiga zote mbili, uso kwanza kisha kadibodi, na nitaamua wakati wa kuhariri. Jumamosi tunarudia shoti ya waya, na binti ameshashonewa gauni jeusi.